Samaki wa Usiku Ambao Haujafika

Nyuma ya Stesheni,
Korogwe.
Alhamisi, 26 Agosti 1971.
Asubuhi: ukungu juu ya mto mpaka saa tatu, manyunyu kidogo, halafu jua lisilo na nguvu.

Kwa dada yangu mpenzi Hamisa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba kifua cha Tatu kimepoa tangu mlipompeleka zahanati. Baba nifikishie shikamoo yake, mwambie ile dawa ya macho nimeiulizia kwenye maduka mawili na bado naitafuta. Mimi huku sijambo. Chakula ninapata, chumba ni kilekile kwa Mama Grasiana, ila usingizi wiki hii umekuwa haba.

Barua yako ya tarehe 20 niliipata Jumatatu. Nimeisoma mara nne. Unaniuliza mambo mawili. La kwanza, kama shemeji Mbwana hakuwa baharini katika usiku ule aliodai kuwa baharini, basi alikuwa wapi, na kwa nani. La pili, ni nani aliyemchongea kwa Mwalimu Valerian hata akaachishwa kazi. Unasema Jumapili hii Baba amewaita wazee wa pande zote mbili, na ameshatamka kwamba mtu anayeficha alikolala hawezi kuachiwa binti yake. Unasema mwenyewe umeanza kumwona mwanamke wa Kipumbwi ndotoni, na kanga aliyovaa unaijua mpaka maandishi yake. Kisha umemalizia kwamba utashika neno langu na si la mwingine, kwa kuwa Amne huandika kila kitu.

Hilo la mwisho ndilo lililoniondolea raha. Nitakujibu yote mawili, dada, ila nakuomba unisome kwa mpangilio. Usirukie mwisho kama unavyofanya siku zote. Nikianza na jibu utaichana barua kabla hujajua lilivyopatikana.

Kazi yetu unaijua kwa juu juu tu, na nasikia huko Chanika kuna wanaosema tunapika samaki kwa dawa. Hatupiki. Mwalimu Valerian ni mtu wa Bukoba, anafundisha elimu ya viumbe hapa mjini, na jioni anaandika utafiti wake wa chuo kikuu. Anataka kujua watoto wa samaki wa mwambani, wale wanaojificha mchana kwenye mapango ya matumbawe, wanawinda nini usiku, na uwindaji wao unabadilikaje kadiri wanavyokua. Mawindo yao ni vijidudu vinavyoelea majini, ambavyo vitabu huviita planktoni. Shemeji alikuwa akikaa Kipumbwi na Kudra, mwenye mtumbwi, akiwavua kwa kimia cha macho madogo. Kila mvuo ulikuwa na chupa yake. Alitia dawa ili wasioze, akabandika karatasi yenye siku, tarehe, saa na hali ya mwezi. Kila Jumatatu ya pili alipanda gari la alfajiri akaniletea sanduku. Mimi nilimpima kila samaki, nikampasua tumbo, nikahesabu chini ya hadubini alichomeza.

Usicheke. Mama Grasiana amekwisha kucheka kwa niaba yenu wote. Aliponikuta nimefika tumbo la mia tatu, alisema kwamba baba yake alikata mkonge miaka ishirini na hakuona kazi ya kipumbavu namna ile, na kwamba paka wa sokoni akitupita atatutupia sarafu. Hata balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kuzikagua chupa. Alizitazama kwa mikono nyuma, akauliza kama samaki hao wana faida kwa taifa. Nilimwambia kwamba ukijua mtoto anakula nini utajua mkubwa atapatikana wapi. Akaridhika, ila hakugusa kitu.

Na kweli kuna mambo tuliyoyaona. Samaki aliye mdogo kama punje ya mpunga humeza vijidudu ambavyo jicho tupu halivioni, wala haondoki mlangoni mwa pango lake. Akifikia ukucha wa kidole gumba, huanza kumeza vyenye miguu na mikia. Akiwa mrefu kama kidole cha mwisho, vile vidogo kabisa huviacha hata vikiwa tele, anatoka mbali na mwamba kutafuta vinono. Tena, kwa hesabu zetu, mwezi ukiwaka sana matumbo yao huwa karibu matupu, na giza likiingia hujaa. Kwa hiyo tarehe ya usiku kwetu ni kama kibla. Ukiikosa, safu yote inasali upande usio wake.

Sasa nije kwa shemeji.

Daftari langu la siku linasema hivi: Jumatatu, 12 Julai. Mbwana amefika saa kumi alasiri na sanduku. Amekula kwangu ugali na mlenda. Amesinzia na tonge mkononi. Saa mbili amekwenda kulala kwa jirani.

Jumatano nilifungua sanduku. Chupa ya mwisho ilikuwa na maandishi yake mazuri, yale aliyojifunza chuoni kabla hajaingia darasa la kwanza: Jumatatu, tarehe 12 Julai, saa nne usiku. Niliisoma tena na tena. Jumatatu saa nne usiku mtu huyu alikuwa kwa jirani yangu, amelala. Na sanduku lenyewe alinikabidhi saa kumi alasiri, jua lingali juu ya mikonge. Aliniletea samaki wa usiku ambao ulikuwa haujafika.

Nilirudi nyuma. Tarehe 28 Juni, vilevile. Tarehe 14 Juni, vilevile. Kila mara chupa ya mwisho ilikuwa na tarehe ya Jumatatu aliyokuwa hapa Korogwe. Nikajiambia kwamba karatasi zote anaziandika mapema, amekaa kivulini, na samaki anawanunua kwa yeyote mwenye wavu, mchana kweupe. Na kama karatasi moja ni ya uongo, nitaziaminije nyingine mia mbili?

Tangu siku hiyo, kila alichofanya kilinionyesha ubaya. Usingizi wake haukuwa tena wa mchovu wa kazi. Niliona ni wa mtu aliyekesha kwenye ngoma, au kwa mwanamke. Hakuruhusu mtu amsaidie kubeba sanduku, nikajua ana anachoficha. Nilipomwuliza habari za bahari alinijibu kwa utani wake, akaniita shemeji wa hadubini, akasema bahari haina habari, habari zote ziko matumboni mwa samaki wangu. Kila mtu alicheka. Mimi niliingia ndani nikaandika kwamba amekwepa swali.

Jumatatu ya tarehe 26 Julai nilimtegea. Alikula, akasinzia, akaenda kwa jirani. Nilibeba kigoda changu nikakaa penye mlango wa uani, nikijidai naanika miguu kwa joto, ingawa ilikuwa baridi. Mama Grasiana alinipita akaniuliza kama nachunga kuku au nachunga mume wa mtu. Saa nne kamili nilimsikia shemeji anakoroma. Siku ya pili yake nilifungua sanduku jipya, na chupa ya mwisho ikasema: Jumatatu, tarehe 26 Julai, saa nne usiku.

Ningeweza kumwuliza. Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, amekaa juu ya jiwe anafunga kamba za viatu, anangoja gari la kurudi. Sikumwuliza.

Jumatano ya tarehe 28 Julai Mwalimu akapata habari. Jumatatu ya tarehe 9 Agosti, shemeji alipofika na sanduku, Mwalimu alimwita ofisini peke yake na kufunga mlango. Mimi nilikuwa ghalani naosha chupa. Walikaa kama nusu saa. Nilisikia sauti ya Mbwana ikipanda mara moja tu. Alipotoka uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Aliniambia, kwa upole, nikae salama na samaki wangu. Hakula. Sanduku aliliacha mlangoni, na Mwalimu akaamuru lisifunguliwe kwa kuwa halina maana tena.

Yaliyofuata unayajua wewe kuliko mimi. Unasema watu wazima aliokuwa akiwafundisha kisomo jioni kila alipokuwa nyumbani wamebaki watatu, na hao watatu wanamwuliza kama herufi anazowaandikia ubaoni ni za kweli. Unasema halali chumbani, hujifunika kwa jamvi barazani. Na unasema amekuapia kwa msahafu kwamba kila usiku aliouandika alikuwa majini na Kudra, na wewe ukamwambia hata wezi huapa. Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo.

Jana Jumatano, Mwalimu aliniambia nilifungue lile sanduku la mwisho, nimwage samaki, niokoe chupa. Nilianza kazi saa nane mchana. Chupa ya nne ilinisimamisha. Maandishi yalisema: Jumamosi, tarehe 7 Agosti, saa tano usiku. Mwezi umeshikwa, giza.

Nilicheka peke yangu. Nilisema, tazama, hata mwezi anausingizia siku. Maana mwezi ulipatwa Ijumaa. Sihitaji kuambiwa na mtu. Daftari langu la Ijumaa tarehe 6 Agosti linasema ulianza kuliwa saa tatu kasoro dakika tano, ukafunikwa wote saa nne kasoro, na ukabaki mwekundu kama chungu kibichi mpaka saa tano na nusu. Mtaa mzima ulitoka. Mama Grasiana alipiga sufuria mpaka mpini ukang'oka, balozi akimkemea kwamba hizo ni imani za kikoloni, huku yeye mwenyewe ameshika debe. Kwenye msikiti wa sokoni walisali. Jumamosi usiku mwezi ulikuwa mzima, sikuandika kitu juu yake.

Halafu kicheko kikanikatika. Mtu anayeandika karatasi zake mapema, kivulini, angejuaje kwamba mwezi utashikwa? Hapa mjini hakuna aliyejua. Aliyeandika vile aliuona.

Nikazitazama chupa zake mbili za usiku uleule. Moja ya saa mbili, mwezi mpevu unawaka. Nyingine ya saa tano, giza. Nilipasua samaki kumi na wawili kutoka kila chupa, nikijisahau mpaka mikono ikafa ganzi kwa dawa. Wa saa mbili walikuwa na matumbo matupu, wawili tu walikuwa na mabaki. Wa saa tano walikuwa wameshiba mpaka ngozi imekaza. Mmoja, mdogo kama ukucha, alikufa na mkia wa mawindo ukiwa bado nje ya mdomo. Dada, samaki huwezi kumfundisha uongo. Hawa walitolewa majini katika giza la Ijumaa lile, nami niliona giza hilohilo nikiwa uani hapa.

Nilikwenda kwa Mwalimu nikamwuliza ni neno gani hasa Mbwana alilosema siku ile alipofungiwa mlango. Mwalimu alikunja uso. Alisema alikana mpaka akavuka mpaka wa adabu. Alipoambiwa kwamba Jumatatu usiku alionekana hapa Korogwe anakula ugali, alijibu kwamba huo haukuwa usiku wa Jumatatu, huo ulikuwa usiku wa Jumanne. Mwalimu akaona anafanyiwa mzaha na mtu aliyeishia darasa la nne. Huko kwao Bukoba, alisema, Jumatatu ni Jumatatu mpaka watu walale.

Nilirudi mbio kwenye chupa.

Wewe umeshaelewa, najua. Umeelewa tangu ulipoisoma karatasi ya mwezi. Sisi tulilelewa katika nyumba ambayo Alhamisi jua likizama Baba husema usiku wa Ijumaa umeingia, njooni tusome Yasini. Siku haianzi usiku wa manane, huanza jua linapochwa, na usiku hutangulia mchana wake. Mbwana alifundishwa hivyo chuoni, tena na mwalimu yuleyule aliyetufundisha sisi juzuu. Usiku wake wa Jumatatu ni ule ninaouita mimi Jumapili usiku. Alivua saa nne ya usiku huo, akatia chupa dawa, akaandika alichofundishwa, na bila kulala akapanda gari la alfajiri ili samaki wanifikie wakiwa hawajaharibika. Ndiyo maana alisinzia na tonge mkononi. Hakuna karatasi hata moja, katika mia mbili na nane, yenye uongo. Jana nimezipanga zote upya, nimeirudisha kila moja usiku mmoja nyuma, na zote zimekaa sawa na mwezi, bora kuliko zilivyokuwa.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hili: mume wako alikuwa baharini kila usiku alioutaja. Hakuna mwanamke wa Kipumbwi katika usiku huo. Hapakuwa na nafasi yake, kwenye mtumbwi wala kwenye saa.

Jibu la pili ni mimi.

Si Kudra. Najua umeacha kumsalimia mke wake anayeishi hapo jirani yenu, na kwamba mlipokutana kisimani Idi iliyopita mlikuwa kama ndugu. Mwombe radhi, Kudra hakusema neno kwa mtu. Ni mimi niliyekaa Jumanne usiku ya tarehe 27 Julai nikaandika kurasa mbili, zenye tarehe na saa, nikampa Mwalimu asubuhi yake. Na nilimwomba asinitaje. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kosa lenyewe. Mwalimu alimfungia Mbwana mlango akiwa peke yake kwa sababu mimi nilitaka kubaki msafi. Ningekuwa nimekaa katika chumba kile, neno lake moja, usiku wa Jumanne, lingenitosha. Mtu wa Bukoba hakuwa na wajibu wa kulijua. Mimi nilikuwa nao.

Na kwa kuwa unasema naandika kila kitu, nakunakilia ukurasa wangu wa tarehe 28 Julai ulivyo. Umeandikwa maneno mawili tu: Nimempata kweli. Nimeyapigia mstari mara mbili. Dada, nilikuwa nimefurahi. Sikuwa nalinda utafiti wala taifa. Mwezi wa tano Mwalimu aliwaonyesha wageni wake karatasi za Mbwana, akasema hajapata kuona mwandiko safi na mtu makini namna hiyo, na majedwali yangu yalikuwa pale pale mezani, yamefunikwa na sinia la chai. Tangu siku hiyo nilikuwa namtafutia kosa. Nilipolipata sikuligeuza upande wa pili nione lina nini.

Mwalimu nimekwisha kumwambia yote. Alisema na yeye hakuuliza, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kumaliza sura ya tatu. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Katika bahasha hii utaona karatasi yake mwenyewe kwa Mbwana, imetiwa sahihi, inayosema kwamba hakuna uongo uliotendeka na kwamba anamwomba arudi kazini akipenda. Sijui kama atapenda. Mimi nisingependa.

Ninachokuomba ni hiki. Jumapili, wazee wakishakaa, isome barua hii kwa sauti, yote, mbele ya Baba na mbele ya Mbwana. Sehemu yangu usiipunguze kwa huruma ya udada. Kama watauliza kwa nini msichana wa kidato cha nne hakujua usiku wa Ijumaa ni upi, waambie alijua, ila alidhani ni hesabu ya Yasini peke yake. Nami nitakuja. Nitashuka stendi ya Chanika Jumapili kiasi cha saa nne asubuhi. Kama hutaki niingie nyumbani kwako, mtume mtu yeyote anipokee njiani na neno hilo, nami nitarudi kwa gari lilelile bila kuuliza. Kama nitaingia, sitaomba kukaa mkekani na wazee. Nitasimama penye nguzo ya baraza mpaka Mbwana mwenyewe aseme nikae au niondoke.

Nisalimie watoto wote, mmoja mmoja kwa jina lake. Nisalimie majirani wa upande wa kisima. Mama Grasiana anakusalimu sana, anasema hajui nimefanya nini lakini kwa uso nilio nao lazima niwe nimevunja kitu cha mtu. Baba mwambie asiniandalie chochote.

Nakuaga kwa mkono wangu mwenyewe, na jina langu nimeliandika lote ili lisomwe lote.

Mdogo wako,
Amne binti Mhina

Ijumaa, 27 Agosti, asubuhi. Gari la Handeni linapakia mizigo, nami naikabidhi bahasha kwa kondakta. Ukungu tena. Niliweka kalamu chini saa saba na robo usiku, lakini usingizi haukunichukua mpaka saa kumi kasoro dakika tano.